Mtoto Anasoma, Simu ni ya Mama

Tuchukue darasa moja la gredi ya pili, la kawaida kabisa katika shule ya umma nchini Kenya. Saa kumi na moja jioni mwalimu anaweka kazi kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: mtoto asome aya moja, arekodiwe, sauti itumwe kabla ya saa mbili usiku. Kati ya watoto 52, sauti zinazoingia ni 23. Kwenye baadhi, ukitega sikio, unasikia mtu mzima akinong'ona neno nusu sekunde kabla mtoto hajalitamka. Je, mwalimu aandike alama?

Swali hili lililetwa na Korona, na Korona ilipoondoka ikatuachia. Shule zilifungwa Machi 2020. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba, wengine wakakaa nyumbani hadi Januari 2021. Miezi ile walimu walijifunza kusahihisha picha za daftari zilizopigwa kwa mwanga wa koroboi. Milango ikafunguliwa, kundi la WhatsApp halikufungwa. Kuna shule za ada ya juu zenye kamera ukutani na kishikwambi kwa kila mtoto, lakini darasa mseto, yaani lile linalochanganya masomo ya ana kwa ana na ya simu au mtandao, kwa wengi wetu ni hili: asubuhi ubao na chaki, jioni simu ya mama.

Wanaolitetea wana hoja nzito, na inaanzia kwenye hesabu. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Ukizigawa kwa watoto 52, kila mmoja anapata kama sekunde 35, na hapo mwalimu hajafundisha chochote. Hakuna binadamu anayeweza kumsikiliza kila mtoto akisoma katika muda huo. Matokeo yake tunayajua: wanasikilizwa walewale wanaoinua mikono. Yule anayekaa nyuma, anayemeza maneno akitazamwa, anaweza kumaliza muhula mzima bila mwalimu kuijua sauti yake. Nyumbani, mdogo wake akiwa kando, anasoma. Kuna pia faida ambayo daftari haiwezi kuitoa, kwamba sauti ya Februari ipo, ya Juni ipo, na mtoto anaweza kuzisikiliza zote mbili akacheka jinsi alivyokuwa akijikwaa.

Wanaolipinga huanza na bando na wasio na simu. Ni kweli, ila hilo kila mtu analijua. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba sauti iliyotumwa mara nyingi si ya kwanza. Mzazi anarekodi, mtoto anakosea, inafutwa. Anakosea tena, inafutwa. Inayomfikia mwalimu ni ya tano, safi kama maji ya mtungi. Makosa manne yaliyofutwa ndiyo hasa aliyokuwa akiyahitaji ili ajue amsaidie wapi.

Mzazi hafuti kwa uovu. Amefunzwa kuogopa alama, na mfumo wenyewe umechangia. Mtihani wa gredi ya sita, KPSEA, ulipoanza 2022, ulipangwa kubeba asilimia 40 tu ya matokeo, na asilimia 60 zitoke kwenye tathmini za shuleni za gredi ya nne, ya tano na ya sita. Nia ilikuwa njema, mtoto asihukumiwe kwa siku chache za mtihani. Lakini ukishaipa kazi ya kila siku uzito huo, nyumba nzima inaingia kuifanya. Wakenya hawajasahau sanamu za kuamia ndege zilizobebwa shuleni zikiwa zimevalishwa suti, kazi ya baba na fundi wa jirani, mtoto akiwa ameshika uzi tu.

Halafu kuna mrejesho wenyewe. "Kukaribia matarajio," mwalimu anaandika, yaani mtoto bado hajafikia kiwango kinachotarajiwa, na ujumbe unaingia saa tatu usiku. Mtoto wa miaka saba amelala. Anayeusoma ni mama, na kwake maneno yale yana tafsiri mbili: tuisheni au kofi. Ukiwekwa kwenye kundi, ambapo wazazi 50 wanaona nani kapewa dole gumba na nani kanyamaziwa, huo si mrejesho tena, ni kutangaziana matokeo. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti wake kuhusu wanafunzi wa shule nchini Israeli: waliopewa maoni bila alama waliendelea vizuri, ilhali waliopewa maoni pamoja na alama hawakufaidika nayo. Macho yalikwenda kwenye namba. Hao walikuwa wakubwa kuliko wa gredi ya pili na walijisomea wenyewe. Sembuse huyu anayesomewa na mzazi aliyechoka?

Kwa maoni yangu, kazi ipande kwa simu, jibu lishuke kwa mdomo. Sauti ya jioni isipewe alama yoyote, na wazazi waambiwe hivyo waziwazi, kwamba ya kwanza inatosha, yenye makosa ndiyo inayotakiwa. Alama zitokane na yale mwalimu aliyoyaona kwa macho yake darasani. Wapo watakaosema bila alama wazazi hawatatuma kitu. Baadhi hawatatuma, kweli. Na mwalimu anayesikiliza sauti 23 baada ya chakula cha jioni anafanya kazi asiyolipwa, jambo ambalo wapenzi wa teknolojia hulipita kimyakimya. Mara mbili kwa wiki zingetosha.

Lakini tazama zile sekunde 35 zinavyobadilika. Aliyesikiliza usiku anaingia darasani akijua kwamba Juma anasoma "ng'ombe" kama "gombe". Hahitaji kumsomesha aya nzima. Anapita kwenye dawati lake, anaonyesha neno moja, wanalitamka pamoja mara tatu, anasonga mbele. Dakika zilizookolewa hapo ni za wale 29 ambao sauti zao hazikuingia. Hao ndio wa kuitwa mezani kwanza, sita leo, sita kesho, wasome huku mwalimu akiwasikiliza moja kwa moja.