Mkono ukitangulia, akili iko wapi?

Jumamosi moja nilimtazama rafiki yangu akichora katika studio yake huko Kilimani, Nairobi. Turubai lilikuwa limelazwa sakafuni, na rangi ya akriliki ameizimua kwa maji hadi ikawa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Alimwaga bluu, akaiburuta kwa kipande cha kadibodi, akarukia nyekundu kabla bluu haijakauka. Nilipomuuliza anachora nini, alinijibu, "Sijui bado. Mkono ndio unajua."

Jibu hilo lina ukoo mrefu. Mwaka 1924 mjini Paris, mwandishi Mfaransa André Breton aliwataka wasanii waiache akili iliyofichika iseme bila kusimamiwa na mantiki. Mchoraji André Masson akaiacha kalamu izurure karatasini bila mpango wowote. Hoja yao ina uzito: anayepanga kila kitu hurudia anachokijua tayari. Nami nimeona hapa Nairobi picha dhahania, zisizoonyesha kitu halisi, zilizopimwa na kusawazishwa hadi zikafa.

Lakini wanaotetea mpango nao wana ushahidi. Mchoraji Mrusi Kandinsky aliziita baadhi ya picha zake Improvisation, yaani zile zilizomtoka ghafla moyoni. Ila picha yake Composition VII, aliyoipaka kwa siku chache Novemba 1913, ilitanguliwa na michoro ya maandalizi zaidi ya 30. Mchoraji Mmarekani Franz Kline ndiye anayenisumbua zaidi. Mistari yake minene myeusi huonekana kama hasira ya dakika moja, kumbe mingi aliichora kwanza ikiwa midogo, mingine kwenye kurasa za kitabu cha simu, kisha akaikuza kwa utaratibu. Kama jicho haliwezi kutofautisha cha ghafla na kilichopangwa, tunachokisifu ni nini hasa? Hata Mmarekani mwenzake Jackson Pollock, aliyeanza kudondosha rangi juu ya turubai mwaka 1947, alikana kwamba picha zake zilijitokea tu kwa bahati.

Naona kosa letu ni kuidhania akili iliyofichika kuwa kisima tulichozaliwa nacho kikiwa kimejaa. Kisima hicho hujazwa. Rafiki yangu alichora miili ya watu kwa penseli miaka mingi, na kila siku hupanda matatu zilizopakwa rangi kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma. Mkono wake ukitangulia, umebeba hayo yote. Ndiyo maana naumia nikisikia mwanafunzi anaambiwa "jiachie tu" kabla hajajua kwamba bluu, nyekundu na njano zikikorogwa pamoja huzaa rangi ya tope. Anaambiwa tope lile ni hisia, na hakuna anayemsaidia.

Turubai la Kilimani lilipokauka, liligeuzwa likatazama ukuta. Niliporudi baada ya wiki mbili, karibu nusu yake ilikuwa imefunikwa kwa nyeupe. Umebaki mchirizi mmoja wa bluu, ule aliouburuta kwa kadibodi bila kufikiri. Aliniambia ilimchukua siku tatu za kuutazama kabla ya kukubali ubaki.