Karatasi ya mahudhurio

Brussels ina raha yake moja ndogo. Unaandika jina la kampuni kwenye Rejista ya Uwazi ya Umoja wa Ulaya, unaona inatumia kiasi gani kwa mwaka kuwashawishi wakubwa, watu wake wangapi wana kitambulisho cha kuingilia Bunge la Ulaya na sheria zipi inazifukuzia. Shuka chini, unakuta vikao vyake na makamishna wa Kamisheni ya Ulaya, ile inayopendekeza sheria: tarehe, mada, nani kaonana na nani. Kikao kikishakaliwa, kamishna ana wiki mbili kukitangaza.

Chukua sheria yao ya televisheni na majukwaa ya filamu. Mwaka 2016 Kamisheni ilipendekeza asilimia 20 ya filamu na vipindi kwenye majukwaa hayo viwe vya Ulaya. Watengenezaji filamu wakavuta huku, majukwaa yakavuta kule. Ilipotoka Novemba 2018, ilikuwa 30. Hizo kumi za juu zina wenyewe, na ukitaka unawatafuta kwa majina.

"Keshaanza! Kala viazi vya Wazungu miaka miwili, sisi tushakuwa washamba." Hebu ngojeni. Rejista ina matundu. Matumizi wanajaza wenyewe, tena kwa makadirio, "euro 100,000 hadi 199,999", na balozi za nchi hazilazimiki kujiandikisha. Uchafu na wao wanao, ila umeandikwa.

Sisi Zanzibar tunaandika karatasi moja tu, ya mahudhurio kwenye warsha ya wadau. Jina, taasisi, simu, saini, posho. Hapo hakosekani mtu! Lakini nani alikwenda kunong'ona nini ofisini mwa mkubwa hata kifungu kikageuka usiku mmoja, hilo kaliulize Jaws Corner, kijiweni Mji Mkongwe, kwa kikombe cha kahawa, na kila baraza ina riwaya yake.

Wala msiniambie wadau wetu hawajui kuvuka mipaka. Sheria ya Huduma za Habari ya Bara ilipita Novemba 2016. Januari 2017 Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu walishafungua shauri Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Machi 2019 mahakama ikasema vifungu kadhaa vinavunja Mkataba wa Jumuiya. Kazi safi, nilitembea kifua mbele. Ila habari si jambo la Muungano, kwa hiyo ushindi ule haukuigusa Sheria namba 5 ya 1988 ya kwetu, ya kusajili magazeti, mawakala wa habari na vitabu. TAMWA Zanzibar, chama cha wanahabari wanawake, na wenzao wameipigia kelele mpaka basi.

Mnaosema "nasi tuipeleke Arusha", someni kwanza ibara ya 30 ya Mkataba. Muda ni miezi miwili tangu sheria kupitishwa au kutangazwa, na kitengo cha rufaa cha mahakama hiyo kilishakataa hoja ya kwamba uvunjaji unaendelea kila siku. Ya 1988 muda wake ulishapita. Ya kuviziwa ni itakayofuata: muswada ungali Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, wakili awe keshaandika hati, kaulinganisha na Mkataba kifungu kwa kifungu, Rais akitia saini abakiwe na kujaza namba ya sheria na tarehe. Mkingoja kwanza warsha ya kuijadili, miezi miwili itakwishia kwenye chai na sambusa.