Onorabule, Washa Mikro!

Bunge la jimbo linaonyeshwa moja kwa moja, Lubumbashi imekaa mbele ya televisheni, Katuba mpaka Ruashi, na kinachosikika vizuri ni feni. Feni, karatasi, na kikohozi cha mzee wa safu ya nyuma. Onorabule, yaani mbunge wetu, mishipa ya shingo imemsimama, kidole juu, ila maneno yanatoka kama yuko ndani ya pipa.

Na sababu yenyewe ni ndogo, ndiyo maana inachoma roho. Sauti imechukuliwa na mikro ya kamera, kamera iko mita 15 kutoka kwa msemaji. Mikro ya mbali hivyo inaokota ukumbi, haiokoti mtu. Dawa ni kebo moja kutoka mixa ya sauti ya ukumbi, ile mashine inayokusanya mikro zote, mpaka kwenye kamera. Kebo tu, ndugu zangu! Na ikipatikana, mtu anaichomeka akisahau kugeuza kile kiswichi cha kamera cha LINE (sauti ya mixa) na MIC (sauti ya mikro). Kikibaki kwenye MIC, sauti yenye nguvu ya mixa inapasuka, waziri wa jimbo anasoma ripoti ya barabara kama kuku aliyebanwa na mlango. Mixa na kamera zikila umeme kwenye soketi za mbali mbali, ngojea mngurumo wa Hz 50 toka asubuhi hadi jioni. Zichomeke pamoja. Kukata waya wa ardhi ili ngurumo inyamaze ni kutafuta msiba.

Halafu zile mikro za mezani, shingo ndefu na pete nyekundu. Pete isipowaka, mikro haisikii. Onorabule anaongea dakika mbili kwa uchungu wa wananchi, pete giza. Jirani anamgusa kiwiko. Anabonyeza, anaipuliza, fuu fuu, "allo, allo", anaanza upya na salamu zote za itifaki. Kwenye mosio (hoja) ya utaratibu ndiyo balaa: watatu wanabonyeza kwa mpigo, rais wa bunge anabonyeza kitufe chake cha kipaumbele, wote wanazimika. Midomo inaendelea. Ni sinema ya bubu.

Umeme ukikatika, jenereta inachukua sekunde kadhaa kushika, kompyuta ya kurushia inachukua dakika kuamka. Ndiyo kazi ya ondulere, lile boksi la betri linaloshikilia umeme: mixa, kompyuta na ruta, basi. Lakini patatokea tu mtu wa kuchomeka birika la chai humo. Birika linakula wati 2000, ondulere ya VA 1000 inabeba kama 600. Chai haichemki na kikao hakionekani.

Picha nazo? Kamera moja, imemgandia msemaji. Marekani walianza hivyo hivyo: televisheni ya C-SPAN ilipoonyesha Baraza la Wawakilishi kuanzia tarehe 19 Machi 1979, kamera zilikuwa za baraza lenyewe, zinamtazama msemaji tu. Mtu anahutubia viti vitupu, nyumbani anaonekana simba. Mei 1984 Spika Tip O'Neill akaamuru kamera izungushwe ukumbini, viti vikajionyesha, ugomvi ukawaka. Sisi tunaomba kamera tatu: ya mimbari, ya meza ya rais, na moja pana ya ukumbi wote, isiyoguswa na mtu. Hiyo pana ndiyo inayoogopwa, nashangaa kwa nini.

Tunafika sasa kwenye edi (sheria ya jimbo) ya bajeti, kura kifungu kwa kifungu. Kurusha picha ya mistari 720 kunataka megabiti 3 kwa sekunde za kupanda kwenda mtandaoni, siyo za kushuka. Kikao cha muda wa saa nne ni kama gigabaiti 5.4. Fundi kanunua forfait (kifurushi) ya gigabaiti 2, na nusu ya ukumbi iko WhatsApp kwenye ruta hiyo hiyo. Rais anauliza nani anakubali. Picha inaganda. Mkono wa onorabule uko juu, dakika ya kumi hii, na Katuba nzima inabishana kama anapiga kura au anaita maji.