Kaunti isiyo na gavana

Neno ni lile lile, kaunti, na ndilo linalotuponza sisi tuliotoka Kenya. Mtu anatua Houston au Dallas akiwa na picha ya nyumbani kichwani: gavana na msafara wake, mawaziri wa kaunti, bunge la MCA (wawakilishi wa wadi), mgao wa pesa kutoka Nairobi. Anatafuta ofisi ya gavana wa Kaunti ya Harris, yenye jiji la Houston, asiione, kwa sababu haipo. Texas ina gavana mmoja tu, na anakaa Austin. Kaunti ziko 254, nyingi kuliko za jimbo lolote la Marekani, na hakuna hata moja yenye gavana wake.

Nausema ubaya wa mfumo huu hapa chini, na ni ubaya mzito. Lakini una jambo moja ambalo Kenya tungefaa kulichukua kesho asubuhi: anayepanga matumizi ya pesa, anayezikusanya, anayezitunza na anayekagua hati kabla hazijatoka ni watu mbalimbali, na hakuna kati yao awezaye kumfuta mwenzake kazi.

Tuanze na wapangaji. Kaunti inaongozwa na kile kinachoitwa korti ya makamishna. Jina lisikudanganye, hapo hapasikizwi kesi. Ni kikao cha watu watano: jaji wa kaunti, anayechaguliwa na kaunti nzima, na makamishna wanne, kila mmoja akichaguliwa na robo yake ya kaunti. Wote wanapewa miaka 4. Jaji huyu halazimiki kuwa mwanasheria. Katika kaunti ndogo husikiliza kesi chache nje ya kikao hiki, lakini katika kaunti kubwa kazi yake ni kuendesha kikao na kushika usukani wakati wa mafuriko au kimbunga. Ana kura moja kama wenzake, na hana turufu ya kukataa walichopitisha. Na tusichanganye makamishna: kwetu kamishna wa kaunti huteuliwa na serikali kuu, huku ni mtu wa kuombea kura mlangoni kwako.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Huku watano wamefungiwa makusudi. Katiba ya Texas ni ya mwaka 1876, iliandikwa na watu waliotoka katika utawala wa baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe wakiwa wamechoshwa na gavana mwenye mamlaka mengi. Walichofanya ni kuyakatakata mamlaka vipande vidogo na kuvigawa. Kwa shughuli za kawaida kikao kinatosha kikiwa na watu watatu. Kupitisha kodi, sharti wawe wanne. Mwaka 2022 makamishna wawili wa Harris waliopinga kiwango cha kodi kilichopendekezwa waligoma kuhudhuria, kura haikuweza kupigwa, na kaunti yenye watu zaidi ya milioni 4.7 ikalazimika kurudi kwenye kiwango cha chini kinachowekwa na sheria. Wengine waliita ni ulinzi wa mlipa kodi, wengine wakaona ni hujuma. Mimi naona ni mlango wa dharura uliowekwa kwa busara, lakini usiofaa kutumiwa kila mwaka.

Nje ya kikao hicho kuna sherifu (mkuu wa polisi wa kaunti), karani wa kaunti, karani wa mahakama, mwendesha mashtaka, mtoza kodi, mtunza hazina katika kaunti nyingi, makonstebo (polisi wa sehemu za kaunti) na mahakimu wa amani wa kesi ndogo. Wote hao wamepigiwa kura. Kenya gavana akikosana na waziri wake wa barabara, anamwachisha kazi. Jaji wa kaunti ya Texas akikosana na sherifu, hana la kumfanya. Hatamu pekee ya makamishna ni bajeti: wanaweza kumpa sherifu pesa kidogo za magari, lakini hawawezi kumwagiza akamate nani. Na hata hatamu hiyo imelegezwa, kwani tangu sheria ya 2021 kaunti yenye watu zaidi ya milioni moja haiwezi kupunguza bajeti ya polisi wake bila kuwaomba wapiga kura ruhusa.

Ofisi ninayoipenda kuliko zote ni ya mkaguzi wa hesabu. Kila kaunti yenye watu 10,200 au zaidi lazima iwe naye, na hateuliwi na makamishna wala na jaji wa kaunti. Anateuliwa kwa miaka 2 na majaji wa mahakama za wilaya, watu wasiojenga barabara wala kununua magari. Kazi yake haianzi pesa zikishaliwa. Mkandarasi aliyetengeneza barabara akileta ankara, inapita kwanza mezani kwa mkaguzi: je, fungu hilo la bajeti lina pesa? Agizo la ununuzi lilitolewa kabla ya kazi au liliandikwa baadaye kufunika mambo? Zabuni ilitangazwa? Akikataa kuidhinisha, malipo hayatoki. Akikubali, makamishna wanapitisha, na pesa zinatolewa na mtunza hazina.

Linganisha na kwetu. Mkaguzi wa ndani ni mwajiriwa wa kaunti ile ile anayoikagua. Mdhibiti wa Bajeti anaidhinisha pesa kutoka kwenye mfuko wa mapato wa kaunti, na hilo ni zuri, lakini hapitii ankara moja moja za madaraja na dawa. Mkaguzi Mkuu ana miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kutoa ripoti, na ripoti ikifika kamatini, pesa zilishaondoka zamani. Ndipo madeni ya wakandarasi yanapozaliwa: kazi imeagizwa bila fungu, gavana amemaliza muhula, anayekuja anasema hayatambui. Katiba ya Texas inakataza kaunti kujitwika deni bila kuonyesha wakati huo huo kodi itakayolilipa. Kifungu kama hicho, pamoja na mkaguzi asiyeteuliwa na watumiaji wa pesa, havihitaji utajiri wa mafuta kuvitunga.

Sasa tuje kwenye pesa zenyewe, kwa maana hapa ndipo tofauti inapouma. Kaunti za Kenya zinaishi kwa mgao wa taifa, ambao Katiba ya 2010 inasema usipungue asilimia 15 ya mapato ya mwisho yaliyokaguliwa. Kaunti ya Texas inaishi kwa kodi ya nyumba na ardhi za wakazi wake, na jimbo lenyewe halitozi kodi hiyo hata senti. Mwenye nyumba anapokea bili yenye mistari kadhaa: kaunti, wilaya ya shule, jiji kama anaishi ndani ya jiji, wilaya ya hospitali, wilaya ya zimamoto. Kila mstari ni serikali inayojitegemea. Shule haziko chini ya kaunti hata kidogo, na mgeni anayempelekea kamishna malalamiko ya shule anapoteza mchana wake.

Kiwango hutajwa kwa kila dola 100 za thamani. Chukua mfano wa nyumba ya dola 300,000. Kaunti ikitoza senti 40, ni dola 1,200. Wilaya ya zimamoto ikitoza senti 10, ambazo ndizo upeo wake, ni 300. Shule ikitoza dola 1, ungedhani ni 3,000, lakini mwenye kuishi kwenye nyumba yake anasamehewa dola 140,000 za thamani upande wa shule, kwa kura iliyopigwa Novemba 2025. Kwa hiyo unahesabu 160,000, unalipa 1,600. Msamaha huu hauji wenyewe. Unaombwa mara moja, kwa fomu, bila malipo, na leseni ya udereva iwe na anwani ya nyumba hiyo. Wengi wetu wanakaa miaka bila kuomba kwa kuwa leseni bado ina anwani ya nyumba waliyopanga zamani. Msamaha huo pia unaifunga thamani ya kutozwa isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka.

Kosa lingine linawakuta wanaonunua nyumba mpya. Thamani inapimwa kwa hali ya Januari 1. Kama siku hiyo kiwanja kilikuwa kitupu, bili ya mwaka wa kwanza ni ya ardhi tu, nayo ni ndogo, na benki inayokusanya kodi pamoja na mkopo inapanga malipo ya mwezi kwa bili hiyo. Mwaka unaofuata nyumba nzima inahesabiwa, benki inakuta pengo, na malipo ya mwezi yanaruka ghafla kwa mamia ya dola. Hakuna aliyekuibia. Weka akiba tangu mwaka wa kwanza.

Anayepima thamani si kaunti wala mtoza kodi. Ni ofisi ya uthamini inayojitegemea, na sheria inaitaka ipime upya angalau kila miaka 3. Nairobi iliendelea kutegemea orodha ya uthamini ya mwaka 1982 kwa karibu miaka 40, mtaa ukigeuka kutoka bangaloo kuwa maghorofa huku kodi ikibaki ya enzi ya bangaloo. Huku taarifa ya thamani inakuja masika. Ukiona imezidi, unaweka pingamizi kabla ya Mei 15 au ndani ya siku 30 tangu taarifa itumwe, tarehe itakayochelewa kati ya hizo. Ukifika mbele ya bodi inayosikiliza mapingamizi usiseme kodi ni kubwa, kwani bodi haina uwezo juu ya kodi. Inasikiliza thamani tu. Peleka picha za nyufa za msingi, makadirio ya fundi ya kuzitengeneza, na bei za nyumba zinazofanana zilizouzwa karibu na Januari 1. Bili yenyewe mwisho wake ni Januari 31. Februari ikianza, inaongezeka asilimia 7 papo hapo, adhabu na riba pamoja.

Na ubaya wake sasa. Kaunti ya Texas haina uwezo wowote isipokuwa ule ilioandikiwa na katiba au bunge la Austin. Nje ya mipaka ya jiji haiwezi kupanga matumizi ya ardhi, hivyo jirani anaweza kuweka yadi ya malori kando ya chumba chako cha kulala, na kamishna hana sheria ya kumzuia. Wengi hawajui hata kwamba wako nje ya jiji, kwa sababu anwani ya posta inasoma Houston. Ukiwa nje, hulipi kodi ya jiji, polisi wako ni sherifu au konstebo, na zimamoto huenda ni ya wilaya ndogo au ya watu wa kujitolea. Kabla ya kununua, uliza wilaya zote zinazotoza hapo, hasa ya maji, kwa kuwa deni la mabomba ya mtaa mpya linalipwa na wanaohamia.

Kuna na dhuluma ya wazi zaidi. Kaunti ya Loving ilikuwa na watu 64 katika sensa ya 2020, na chini yao kuna mafuta. Kaunti nyingine zimejaa maskini na hazina kisima hata kimoja. Hakuna kanuni kama ile ya Seneti yetu inayoangalia umaskini kabla ya kugawa. Mgao wa Kenya ulizipeleka hospitali na barabara Turkana na Mandera ambako serikali za zamani hazikugeuza hata shingo. Hilo nisingelibadilisha kwa mkaguzi yeyote wa Texas. Na karatasi ya kura huku ni ndefu mno: majaji, makarani, makonstebo, majina kwa makumi, na wapiga kura wengi wanafuata chama tu bila kujua mtu.

Kwa aliyefika juzi, hati ya gari na namba za usajili ziko kwa mtoza kodi wa kaunti, na ukinunua gari kwa mtu binafsi una siku 30. Leseni ya ndoa iko kwa karani wa kaunti. Ukishaipata unasubiri saa 72, kisha una siku 90 za kufunga ndoa, basi usiichukue asubuhi ya harusi. Mwenye nyumba akikushtaki akutoe, au mtu akikataa kurudisha pesa zisizozidi dola 20,000, ni kwa hakimu wa amani. Hukumu ya kukutoa ikipita una siku 5 tu za kukata rufaa.

Jambo la hatari kabisa ni usajili wa kura. Katika kaunti nyingi ofisi ile ile ya mtoza kodi ndiyo inayosajili wapiga kura, na fomu inaweza kutolewa kwa ukarimu tu. Kama huna uraia, hata ukiwa na grinikadi ya miaka 10, usiisaini. Watu wamefukuzwa nchini kwa sahihi hiyo. Barua ya kukuita kwenye baraza la wazee wa mahakama ikija, usiitupe kwa kuwa si raia. Weka alama mahali panaposema huna uraia, saini, irudishe.

Lakini kuingia kwenye kikao cha korti ya makamishna hakuhitaji uraia. Ajenda inatundikwa siku tatu za kazi kabla, na kila jambo lina namba. Unajaza karatasi ya kuomba kuzungumza, unataja namba hiyo, na sheria ya 2019 inawalazimu wakusikilize kabla hawajaamua au wakiwa wanajadili. Kwa kawaida unapewa dakika tatu. Kama ni mtaro wa barabara yenu unaofurika, nenda na picha na jina la barabara, na mtafute kwanza kamishna wa robo yenu, maana katika kaunti nyingi yeye ndiye mwenye katapila na wafanyakazi wake.