Kisukari aina ya pili: sahani ni yako, dozi si yako peke yako

Kuanzia Mwanjelwa hadi Makambako utasikia lalamiko lilelile. Mtu kaambiwa ana kisukari aina ya pili, kapewa vidonge, na ushauri wote ukaishia kwenye "punguza sukari kwenye chai, kula dona." Akiuliza dona kiasi gani, dokta keshamwita mgonjwa anayefuata. Ndiyo maana wengi wanaamua kununua mashine ya kupimia na kujitibu wenyewe.

Wana hoja, tena nzito. Sukari hupanda na kushuka kutokana na kinachoingia jikoni, na huko daktari hayupo. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, lakini bado ni wanga. Bonge kubwa litapandisha sukari hata kama rangi yake inatia imani. Viazi mviringo vya Uporoto na wali wa Kyela navyo havimpandishi kila mtu sawa. Kujua hali yako ni kupima kabla ya kula, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza. Kwa watu wazima wengi lengo ni 4 hadi 7 (kwa kipimo cha mmol/L) kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya hapo. Anayeona 13 kwa sahani ya viazi vitupu, halafu 8 kwa viazi vichache na maharage, kabichi na parachichi, amepata jibu alilolikosa kliniki. (Parachichi lina wanga kidogo sana, na Rungwe na Njombe limejaa. Nashangaa halitajwi zaidi.)

Wenye msimamo huu hupenda kutaja utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliotangazwa 2017: asilimia 46 ya waliopewa mlo wa kalori chache sana walikuwa wametoka kwenye kiwango cha kisukari bila dawa baada ya mwaka mmoja. Ni kweli. Kinachosahaulika ni kwamba waliokubaliwa walikuwa wamegunduliwa ndani ya miaka sita, hawakuwa wakitumia insulini, na walifuatiliwa na wauguzi au wataalamu wa lishe muda wote. Hawakujitibu. Halafu kuna mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba: kwa wasiotumia insulini, faida ya kujipima ilikuwa ndogo miezi sita ya kwanza, na baada ya mwaka ikawa haionekani. Kutoboa kidole bila kubadili mlo ni kumaliza stripu (vijikaratasi vya kupimia), na stripu si bei rahisi.

Mashine yenyewe ina vituko vyake. Ukimenya ndizi mbivu ukapima bila kunawa, itakuonyesha sukari iliyoko kidoleni. Asubuhi za Juni kule Makete inaweza kugoma kwa baridi, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa joto la kuanzia nyuzi 10 hivi; ipashe moto kwanza ndani ya koti.

Kwangu mimi mpaka wa kujitibu unapita kwenye dawa. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi ni jambo jingine: hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala, na nguvu yake hukaa mwilini kwa saa nyingi. Mtu akikata ugali ghafla huku akiendelea na dozi ileile, anaweza kuzimia usiku, hasa mzee au mwenye figo dhaifu. Yaani juhudi yake nzuri ndiyo inayomdhuru. Anayeacha dawa zote kwa sababu mashine imeonyesha 6 mara chache naye anajidanganya, maana macho na figo huharibika bila kuuma, na mashine ya kidole haivioni.

Kwa hiyo dokta akikupuuza, mpelekee daftari: tarehe, ulichokula, namba kabla na baada. Muulize waziwazi: "Dokta, nimepunguza ugali nusu, hii glibenklamidi tunaifanyaje?" Omba pia macho, mkojo na miguu vikaguliwe kila mwaka. Asipofungua daftari hata mara ya pili, tafuta daktari mwingine, na usiguse dozi mpaka umpate.