Wachoraji wapewe kuta za Michenzani, hata kwa miezi mitatu

Likitajwa tu wazo la kuwawezesha wasanii wa hapa Zanzibar kujaribu kazi za muda mitaani, jawabu la kwanza huwa Mji Mkongwe. Ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kuta zake si za kuchezewa. Wanaosema hivyo wanajua wanachokisema. Ukuta wa mawe na chokaa lazima upumue. Ukiupaka rangi ya plastiki, unyevu hunasa ndani, chokaa huvimba, kisha humenyuka na kuliacha jiwe wazi kwa mvua ya masika. Na baada ya sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, kuporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua, hofu hiyo si ya kubezwa.

Ila wasanii hawajaomba chokaa. Wanachotaka ni turubai lililochorwa litundikwe kwa kamba, mbao za mashua kuukuu ziunganishwe na kusimamishwa bustanini, mabati yanayozungushiwa majengo yapakwe rangi kabla hayajang'olewa. Tena mji hauishii Darajani, ukingoni mwa Mji Mkongwe. Wengi wetu tunaishi Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na majumba ya ghorofa ya Michenzani huko ni ya zege, hayana chokaa cha kulindwa. Huko ndiko jaribio lingeanzia.

Kinachonisukuma kuandika haya hasa ni hali ya wachoraji wenyewe. Pita mitaa ya Gizenga au Hurumzi, Mji Mkongwe, uangalie kilichotundikwa: Wamasai warefu wa rangi nyekundu, twiga, tembo, simba chini ya jua linalozama. Kisiwa hiki hakina simba wala twiga. Picha zimepangwa mfululizo, shingo zile zile, mbuga ile ile, kwa vipimo vinavyoweza kutolewa kwenye fremu, kukunjwa na kuingia begini. Mwaka 2023 tulipokea wageni zaidi ya 600,000, na mchoraji mwenye watoto wa kulisha atachora anachonunua mgeni. Simlaumu hata kidogo. Lakini hasara yake ni kubwa kuliko tunavyokiri. Mnunuzi akishapanda ndege, harudi tena kumwambia kwamba mkono wa bibi aliyemchora umekaa vibaya, au kwamba ngalawa haifungwi tanga namna ile. Kijana mwenye kipaji anaweza kuchora miaka mingi bila kusikia neno la mtu wa mtaani kwake. Kazi ikitundikwa Michenzani, muuza urojo ataiona kila jioni, na baada ya wiki atakuwa na la kusema. Wavuvi wataihesabu kamba moja moja. Msanii hukua kwa kukosolewa na watu wanaokijua alichokichora, na soko la vinyago halimpi hilo.

Sanamu ya nje inayojulikana zaidi mjini, ya watumwa waliofungwa minyororo pale Mkunazini, ni kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, ya mwaka 1998. Ni kazi nzito na inastahili heshima yake. Wachongaji wetu, ambao milango yao inasifiwa dunia nzima, watajifunzia wapi kufanya kazi ya ukubwa ule ikiwa hawapewi mahali pa kujaribu na kukosea?

Wapo wanaoona kazi ya kuondolewa baada ya muda ni pesa iliyotupwa. Makunduchi kila sherehe ya Mwaka Kogwa hujengwa banda la makuti likachomwa siku hiyo hiyo, na sijapata kusikia mtu akililia makuti.

Suala la picha za watu na wanyama karibu na misikiti nalo ni la kweli. Sheha, yaani kiongozi wa shehia, na wazee wa mtaa waulizwe kabla, wala si baada. Nakshi, maandishi na mapambo ya kanga vinatosha kumshughulisha msanii mzuri maisha yake yote.

Pingamizi linaloniumiza kichwa ni moja tu: vya muda kwetu havitoki. Mabango ya kampeni hubaki mpaka jua liyafute. Anayeogopa turubai lililochanika likining'inia miaka miwili ana haki ya kuogopa. Kwa hiyo gharama ya kuondoa itengwe kabla ya kazi kutundikwa, tarehe iandikwe kwenye kibali, na mwenye dhamana ya kuishusha awe taasisi iliyotoa kibali, si msanii. Jukwaa la tamasha la muziki la Sauti za Busara limekuwa likijengwa na kubomolewa Ngome Kongwe tangu 2004, basi kubomoa tunakuweza.

Na msanii alipwe. Asiambiwe kwamba kuonekana ndiyo malipo yake. Kampuni za simu zimeshapaka maduka mangapi rangi zao, na fundi aliyeshika brashi alilipwa. Anayechora kwa ajili ya mtaa asipate pungufu ya yule. Miezi mitatu ya kiangazi, kuta chache za Michenzani, kisha wakaazi waulizwe kama wanataka awamu ya pili.