"Inaingia Hiyo, Bosi"

Mwenye Toyota Altezza hana raha. Kwenye foleni bodaboda anamshauri aishushe gari. Nyumbani shemeji anamuuliza kwa nini hakununua IST kama watu wenye akili zao. Na siku matairi yakiisha, Dar es Salaam nzima inageuka mhandisi wa matairi, isipokuwa yule anayeyauza.

Saizi yenyewe haina siri. Altezza ya RS200 yenye rimu za inchi 17 ilitoka Japani na 215/45R17. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko. Kijapani hatujui, sawa, ila namba nazo zinataka mkalimani? Haya, ingia dukani uiombe sasa. Ukuta mzima umejaa tairi za Prado na Harrier. Kijana anapanda ngazi, anashusha 215/55R17, analipiga kofi vumbi litoke: "Inaingia hiyo, bosi."

Inaingia, ndiyo. Hata kiatu cha jirani kinaingia. Hebu tupige hesabu. 215 ni upana wa tairi kwa milimita. 45 ni asilimia ya upana huo inayokwenda kwenye ukuta, yaani milimita 97. Zidisha mara mbili, jumlisha rimu ya inchi 17 ambayo ni milimita 432, unapata kimo cha tairi zima: 625. Hilo la kijana lina 668. Limezidi karibu asilimia 7, kwa hiyo geji ya mwendo ikisoma 50 magurudumu yanakwenda 53 na ushee. Utasema geji nyingi zimetegwa tangu kiwandani zisome juu kidogo. Kweli, na hako ka akiba ndiko umekala hapo dukani. Askari mwenye tochi ya kupima mwendo barabarani hapokei maelezo ya geji. Bado hujapakia shemeji wawili nyuma ukapita tuta, usikie fenda inavyokwaruza. Na injini ya 3S-GE ya gari hii nguvu zake zote ziko juu kule, mizunguko 7,600 kwa dakika. Ukiifunga tairi kubwa, ni kama umeirefushia kila gia. Huku chini ilikuwa nzito tayari, sasa inalala kabisa.

Kanuni ya mafundi wanaosoma ni kutopita asilimia 3 juu au chini ya kimo cha asili. 225/45R17 ina kimo cha 634, imo. 205/50R17 ina 637, imo pia, na ukuta umeongezeka milimita 6 za kupambana na mashimo.

Halafu kuna vijana wa upande wa pili, wanaovuta 195/40R17 kwenye rimu pana mpaka tairi linaonekana limeonewa. Ukuta milimita 78! Shimo moja la masika, rimu imepinda, tairi limeota nundu ubavuni. Nundu hiyo ni nyuzi za ndani zimekatika, haizibwi kama pancha, na fundi akikwambia ataiwekea kiraka, chukua jeki yako uondoke.

Ukiniuliza mimi, mtu wa kuendesha kila siku kwenye barabara hizi ashuke inchi 16 avae 205/55R16. Kimo ni 632, geji haijui kama umebadilisha chochote. Ukuta unakuwa milimita 113. Tena ni saizi ya watu wengi, inapatikana hata kwa wanaouza na mabeseni. Rimu iwe ya nati tano kwenye duara la milimita 114.3, huandikwa 5x114.3, tundu la kati milimita 60.1. Tundu likiwa kubwa kuliko hapo, tafuta ringi ya kujazia, la sivyo usukani utatetemeka ukifika 90 na utalipia balansi mpaka uchoke. Kabla hujalipa, vesha rimu tupu mbele, uizungushe kwa mkono uone kama inaipita kalipa, ile inayobana diski ya breki. Dakika mbili tu, lakini nani ana dakika mbili? Watu wana haraka ya kwenda kupiga picha.

Sasa chapa. Watu wanagombana Bridgestone, Michelin, Yokohama, utadhani Simba na Yanga, na hakuna aliyeuliza Bridgestone gani. Ecopia ni ya kubana mafuta, Turanza ya starehe, Dueler ya magari ya juu, Potenza ndiyo ya kushika lami. Ukiifunga Ecopia halafu ukaingia kona kwa fujo, usimtukane Mjapani. Linglong, Sailun au Triangle zinafanya kazi vizuri kwa safari za kazini, mradi usome ubavu. Treadwear ni namba ya uimara wa mpira: 200 ni mpira laini, unashika na unaisha. 500 ni mgumu, unadumu na unateleza mapema. Usilinganishe sana namba za chapa mbili tofauti, kila kiwanda hujipangia chenyewe. Traction, yaani alama ya kushika lami yenye maji, iwe A au AA, kwa sababu ya mvua. Halafu 87W: 87 ni kilo 545 kwa kila tairi, W ni mwendo wa kilomita 270 kwa saa. Hutafika 270, hata kwa ndoto. Lakini usipewe T ya 190 kwenye gari kama hii, muundo wake haukufikiriwa kwa joto la mwendo.

Tafuta neno DOT na tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linang'aa kama jipya kumbe limepakwa dawa. Kunja ubavu kwa dole gumba uone vinyufa. Likipita miaka sita ni la kukaguliwa kwa jicho kali, likifika kumi ni la kupandia maua, hata kama vinywele vyake vya mpira vyote bado vipo.

Ukinunua mawili tu, mapya yanakwenda nyuma. Fundi atabisha, atasema mbele ndiko kuna injini. Mwache abishe. Mbele likiteleza kwenye maji unahisi kwenye usukani na unaachia mafuta. Nyuma likiteleza, gari linageuka kuangalia ulikotoka. Na msimamie kwenye kufunga, maana tairi lenye OUTSIDE ubavuni linaweza kuvishwa maandishi yakiangalia ndani, na mtu akakutazama usoni bila haya.

Upepo ni asubuhi, matairi yakiwa baridi. Kibandiko kikisema 230, hiyo ni kPa, kipimo cha presha, kama psi 33 kwenye geji ya fundi. Yeye anajaza 40 kila gari kutoka Vitz hadi Fuso, na tairi linaisha katikati tu. Likiisha kwa ndani, hapo umeshusha gari bila kupima alaimenti, yaani mkao wa magurudumu.

Mwisho nati. Za gari hii hukazwa kwa Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa mkingamo, kisha unazirudia baada ya kama kilomita 100. Fundi wa kilo 80 akisimama kwenye spana ya sentimita 40 anaweka zaidi ya 300. Mwambie ashuke. Hashuki, anarukaruka. Na stadi, ile bolti inayoshika nati, ikikatika, anafuta jasho: "Zimebaki nne, zinatosha."